Mafuta Yaliyokwisha Kukaangia

Mama ukaangaye maandazi ya kuuza, mafuta yabakiayo baada ya soko wayafanyaje? Wengine huyamwaga nyuma ya jiko. Wengine, nao si wachache, huyatia katika mboga za watoto hata yakiwa meusi na kutoa moshi mkali. Mafuta ya namna hiyo yameharibiwa na moto, wala hayafai kuliwa. Usingoje yafike huko. Yakiisha kutumika mara mbili tatu, yatoe katika chakula uyape kazi nyingine.

Viwandani mafuta ya maji hugeuzwa nta. Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alipata hati ya njia yake: mafuta moto hutiwa hewa ya haidrojeni pamoja na unga wa nikeli, nayo huganda yakawa magumu. Nta ya jinsi hiyo hutengenezewa mishumaa. Lakini hewa hiyo hulipuka. Si kazi ya jikoni. Basi mtu akikuuzia siri ya kugeuza mafuta kuwa mshumaa kwa chumvi na maji, mwache apite na siri yake.

Sisi tutaazima ugumu kwa nyuki. Chuja mafuta kwa kitambaa safi. Katika kopo tia vikombe vitatu vya mafuta na kikombe kimoja cha nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Simamisha kopo ndani ya sufuria ya maji moto, ukoroge mpaka vichanganyike. Usiliweke kopo motoni lenyewe! Nta huyeyuka kabla maji hayajachemka, haina haja ya ndimi za moto. Mafuta yakiwaka, funika kwa mfuniko, usimwagie maji kamwe. Na watoto wakae mbali.

Chovya kijiko, kipoe. Ikiwa laini mno, ongeza nta. Ikiwa ngumu, ongeza mafuta. Hiyo ndiyo dawa ya viatu, ya mikanda, ya mipini ya majembe na ya milango ya mbao. Rangi haitoi, ila ngozi hulainika wala haipasuki upesi. Tengeneza kidogo kidogo, maana mafuta hukaa yakanuka. (Na mshumaa wa Pasaka tuwaachie nyuki peke yao, Padre asije akaletewa harufu ya maandazi altareni.)

Viatu vya Dominika vipake Jumamosi usiku, tena kidogo tu. Asubuhi visugue kwa kitambaa kikavu, visije vikanasa vumbi la njiani.