Baraza ya Jamaa: Ukuta Ulikuwako



Mwezi huu tunajibu swali la mutoto. Aliona picha za muji wa New Orleans, kule Marekani, nyumba ndani ya maji mpaka ku paa. Akauliza: «Baba, kumbe wale watu hawakukuwa na ukuta wa kuzuia maji?» Baba alikosa jibu, akatuletea swali. Asante kwake. Mutoto mwenye kuuliza ni mali ya jamaa.

Jibu ni hili: ukuta ulikuwako. Tena kuta mingi. Shida iko pengine. Tuisikilize pole pole.

Wafaransa walianza ule muji mwaka 1718, pembeni ya muto mukubwa Mississippi. Karibu na muto udongo uko juu kidogo, njo pale watu wa kwanza walijenga. Nyuma iko ziwa Pontchartrain, na katikati kulikuwa matope na majani tu. Mwaka 1913 injenyeri Albert Baldwin Wood alifanya mapompi yenye nguvu sana. Matope yakakauka, kartie mpya zikajengwa. Lakini udongo wa vile, ukiisha kutolewa maji, unashuka sawa matela ya zamani. Leo karibu nusu ya muji iko chini kupita bahari. Ni sawa sahani: mvua yenye kuanguka ndani haina njia ya kutoka, mpaka pompi iitoe.

Wenye kutumika chini ya udongo wanalijua neno hili kupita wengine. Mzee mmoja wa kazi ya pompi, leo yuko mu pansio, aliniambia: «Mwanangu, pompi haina siku ya Mungu. Ikisimama, maji haiulizi kama umelala.» Na kwetu Kipushi, mwaka 2011, pompi ilipokufa, si maji ilipanda mu mashimo?

Turudi New Orleans. Mwaka 1965 tufani Betsy ilijaza maji mu muji. Kisha pale serikali ikawapa mainjenyeri wa jeshi kazi ya kujenga kuta za nguvu. Miaka 40 ikapita, kazi haijaisha.

Siku ya Mungu, tarehe 28 Agosti 2005, meya akaamuru watu wote watoke. Wenye motokari wakatoka. Lakini masikini, wazee na wagonjwa, wataenda na nini? Wengi wakabaki nyumbani, wengine wakakimbilia mu uwanja mukubwa wa michezo wenye paa. Kesho yake asubuhi tufani Katrina ikafika ku inchi kavu, na upepo wa karibu kilometa 200 kwa saa, ikisukuma maji ya bahari mbele yake.

Kuta zilivunjika kwa njia mbili. Njia ya kwanza: maji ilipita juu ya ukuta, ikaanguka nyuma, ikakula udongo wenye kuushikilia. Njo vile ilikuwa ku mfereji wa Industrial Canal, na kartie ya Lower Ninth Ward ikafagiwa.

Njia ya pili njo inauma roho. Ku mfereji wa 17th Street na ule wa London Avenue, maji haikufika hata ku mudomo wa ukuta! Ukuta ulikuwa wa beton, juu ya vyuma vyenye kupigwa ndani ya udongo. Kumbe vyuma havikushuka chini ya kutosha, na udongo wa chini ulikuwa laini. Maji ikasukuma, ukuta ukainama kidogo, nafasi ikafunguka ku muguu wake, maji ikaingia pale, ukuta ukateleza mzima mzima.

Kuta na matuta yalipasuka fasi karibu 50. Sehemu 80 kwa mia za muji zikaingia mu maji. Kuikausha kulikamata siku 43. Pale pote tufani ilipita, watu zaidi ya 1,300 walikufa. Mu jimbo la Louisiana, karibu nusu yao walikuwa wazee wa miaka 75 na kupita. Mwaka 2006 mainjenyeri wa jeshi wenyewe wakakubali: kuta zetu zilikuwa na kosa.

Wakajenga upya, kwa zaidi ya miliari 14 za dola. Tarehe 29 Agosti 2021, siku ile ile, tufani Ida ikafika, na upepo mukali kupita wa Katrina. Kuta zikashika. Tushukuru. Lakini umeme wa muji wote ulikufa, na wazee wengine wakakufa na joto mu nyumba zao. Na watu wa LaPlace, wenye kuikala inje ya zile kuta, maji ikawaingilia. Ukuta unalinda wenye kuwa ndani. Wa inje wanabaki na macho.

Basi, baba wa mutoto, umwambie hivi. Usiangalie tu urefu wa ukuta. Uliza muguu wake umesimama juu ya nini, na nani anaupima kila mwaka. Kazi yenye kuachwa nusu miaka 40 si kazi, ni deni, na wenye kulilipa ni wale hawakulikopa.

Na neno la pili ni letu sote, hata sisi wa mbali na bahari. Mbele mvua haijaanza, jua mu barabara yenu nani hana miguu, nani hana motokari, mama gani mzee analala peke yake. Siku ya maji, hakuna nafasi ya kuanza kuuliza.

Mubaki muzuri. Tutaonana mwezi ujao.