Nishani Hutunukiwa, Haitwaliwi

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukweli wa usemi huo ulijidhihirisha wazi katika vita vya Kagera, vilivyoanza kwa uvamizi wa mwishoni mwa Oktoba 1978 na kumalizika kati ya mwaka uliofuata. Katika vita hivyo walikabiliana wanajeshi wawili waliolelewa na jeshi moja la kikoloni. Mmoja alijivika nishani kwa mkono wake mwenyewe. Mwingine heshima yake ilitoka kwa wale aliowaongoza na kwa taifa alilolitumikia.

Jeshi hilo la kikoloni lilikuwa King's African Rifles. David Musuguri, mzaliwa wa Butiama wa mwaka 1920, alijiunga nalo mwaka 1942 na kutumikia huko Madagaska wakati wa Vita Kuu ya Pili. Idi Amin alijiunga nalo mwaka 1946, na mwaka 1959 akafikia cheo cha effendi, ambacho wakati huo kilikuwa ndicho cha juu kabisa kwa askari Mwafrika katika jeshi hilo. Mkoloni hakuwafunza askari wake kuuliza vita ni vya nani. Aliwafunza kulenga shabaha na kutii amri. Waliopita humo walitoka na ujuzi wa silaha, na uhuru ulipokuja kila mmoja alibaki na swali la kujijibu: ujuzi huo ungetumika kwa manufaa ya nani?

Amin alitoa jibu lake tarehe 25 Januari 1971, alipoipindua serikali ya Uganda. Mwaka 1975 alijipandisha hadi cheo cha Field Marshal, na mwaka 1976 akatangazwa kuwa Rais wa maisha. Kifuani alijaza nishani ambazo hakuna aliyemtunukia, nyingine zikiigizwa kutoka zile za juu za Uingereza, na akajitangaza kuwa mshindi wa Dola ya Waingereza. Huku nyuma maelfu ya Waganda walikuwa wanauawa, na jeshi lililoundwa kuwalinda likageuka kuwa la kuwawinda.

Majeshi ya nduli huyo yalipovuka mpaka na kuitwaa ardhi ya Tanzania hadi ukingo wa mto Kagera, Musuguri alikabidhiwa uongozi wa Divisheni ya 20 ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mvamizi alifukuzwa katika ardhi ya Tanzania. Mutukula ikaangushwa Januari 1979, na Masaka mwezi Februari. Kutokana na ushindi wa kwanza wa hiyo miwili, kamanda huyo akapata jina la Jenerali Mutukula. Jina hilo halikutungwa Ikulu wala kusomwa katika redio kama amri. Lilitokana na kazi iliyoonekana.

Hata hivyo, uongozi wa vita haupimwi siku ya ushindi mwepesi, na jaribio lenyewe lilikuja Lukaya, katika barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala. Kaskazini ya mji huo barabara hupita juu ya tuta refu lililozungukwa na kinamasi, mahali ambapo jeshi haliwezi kutawanyika. Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, iliyoongozwa na Imran Kombe, ilishambuliwa hapo na majeshi ya Amin yakisaidiwa na askari kutoka Libya, wakiwa na vifaru na makombora ya Katyusha. Sehemu kubwa ya brigedi hiyo ilikuwa mgambo, wananchi waliotoka mashambani na kazini miezi michache tu kabla ya hapo, na wengi wao hawakuwa wamewahi kusikia mlio wa makombora ya namna ile. Safu zao zilivunjika, wakarudi nyuma.

Usiku ule ndipo amri ilipokuwa na thamani. Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi chini ya Mwita Marwa, iliagizwa igeuze njia na kumzunguka adui. Mgambo waliorudi nyuma wakapangwa upya badala ya kutukanwa na kuachwa. Alfajiri ya tarehe 11 Machi adui alishambuliwa kutoka mbele na kutoka ubavuni, na njia ya Kampala ikafunguka. Mji huo ulitekwa mwezi mmoja baadaye.

Hapana budi jambo hili lieleweke sawasawa. Ushujaa wa Lukaya haukuwa wa watu wasiojua hofu, kwa sababu hofu ilikuwapo na ilionekana. Ulikuwa ushujaa wa watu waliorudishwa kwenye nafasi zao na viongozi ambao hawakupoteza akili usiku wa kushindwa. Kiongozi anayesubiri watu wakamilifu ndipo aanze kazi hatafika popote, iwe katika uwanja wa vita, katika idara au katika shule ya kijijini.

Ushindi ulileta jaribio jingine, ambalo majemadari wengi wa Afrika wameshindwa. Tarehe 13 Aprili 1979, siku mbili baada ya Kampala kuanguka, aliyeapishwa kuwa Rais wa Uganda alikuwa raia, Yusuf Lule. Musuguri aliteuliwa kuwa Mkuu wa Majeshi mwaka 1980, na mwaka 1988 alistaafu akarudi Butiama, ambako aliishi miaka yake ya uzeeni kama raia. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Amin alikufa ugenini Saudi Arabia mwaka 2003, na nishani zake zote hazikumpatia hata kaburi katika nchi aliyodai kuipenda.

Wapo wanaosema kwamba kuwatukuza majemadari ni kuwasahau askari wadogo. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake si kumnyima jemadari heshima yake. Dawa ni kuifikisha heshima hiyo mpaka chini. Wengi waliolala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya hawakuwa na vyeo vikubwa, na mgambo wengi waliorudi wazima walishika tena jembe bila kudai kitu. Kuweka shada la maua kila tarehe 25 Julai ni wajibu mwepesi. Wajibu mzito ni wa mtumishi wa serikali ambaye faili la mjane wa askari limefika mezani kwake: likicheleweshwa bila sababu, shada lile linakuwa pambo tu.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Mtoto anayefundishwa kwamba vita vya Kagera vilikuwa ushindi tu atajua tarehe, lakini hatajua maana. Afundishwe pia kwamba askari wawili walitoka katika kambi moja, na kilichowatenganisha hakikuwa nguvu wala bunduki. Mmoja alidhani dola ni mali yake. Mwingine alipokea madaraka, akayatumia, akayarudisha. Taifa linaloijua tofauti hiyo litajua pia ni kifua kipi cha kukivika nishani.