Mboga za Miaka Mingi Hazitaki Shamba la Ndago

Ndugu wakulima wa Korbesa, na ninyi nyote mnaolima kwa maji ya mto Ewaso Nyiro, kila mvua inapokaribia watu hufika ofisini kuuliza neno moja: miche itakuja lini? Huulizia miche ya mlonge, mbegu za mbaazi na vipande vya muhogo wa kisamvu. Kuuliza si vibaya. Lakini ni mara chache sana mtu kuuliza kama shamba lake liko tayari kuipokea miche hiyo. Shauri langu, nami nalisema waziwazi, ni kwamba mtu ambaye shamba lake limejaa ndago au mathenge asipewe hata mche mmoja mpaka alisafishe, ijapokuwa kufanya hivyo kutamchukua msimu mzima wa Ganna.

Najua maneno haya hayatawapendeza wengi. Mimi si Bwana Shamba. Ni karani, nami nilisomea ualimu kabla ya kushika daftari za kilimo. Walakini karani huona jambo ambalo wengine hawalioni, maana majina hupita mbele ya macho yake mwaka hata mwaka. Jina lililoandikiwa mlonge msimu uliopita hurudi msimu huu kuandikiwa mlonge tena. Ukimwuliza mwenyewe ile ya kwanza ilikwenda wapi, hujibu kuwa jua liliiua. Ukifika shambani kwake huoni kazi ya jua. Waona ndago za kijani zimesimama vizuri kabisa, na jua ni lile lile.

Yafaa tufahamu tofauti ya mahindi na mboga hizi. Mahindi hukaa miezi michache tu. Ukikosea kulima, magugu yakakushinda, baada ya mavuno waweza kupindua ardhi yote na kuanza upya. Mbaazi huishi miaka mitatu na zaidi, nao mlonge ukikatwa kila mara ili usirefuke huendelea kutoa majani ya kuchuma miaka mingi. Faida yake ndiyo hiyo: hupandi kila mwaka. Lakini hasara nayo imo humo humo, maana ukisha kupanda huwezi tena kupitisha plau wala jembe zito katikati ya mizizi. Gugu lililokuwamo siku ya kupanda litakuwa mwenzako muda wote huo.

Na ndago si gugu la mchezo. Juu huonekana kama jani dogo tu, lakini chini kuna viazi vyeusi vilivyofungamana kwa nyuzi, kimoja baada ya kingine, kama shanga. Vingi hukaa katika sentimita 15 za juu za udongo. Kiazi cha kwanza huvizuia vingine kuchipua. Ukikata uzi kwa jembe mara moja ukaenda zako, wale waliokuwa wamelala wote huamka. Ndiyo sababu mtu hulima Jumatatu, na baada ya majuma mawili akaona ndago zimezidi kuliko kwanza, akasema shamba limerogwa. Wala kufyeka kwa panga hakusaidii. Ni sawa na kunyoa kichwa.

Adui wa viazi hivyo ni jua kali na kivuli. Jua sisi tunalo. Katika miezi ya Januari na Februari, kabla ya Ganna, funga mfereji usiingize maji katika kipande hicho, kisha ukipindue kwa jembe la meno, ukiyaacha mabonge makubwa juu bila kuyaponda. Viazi vilivyo wazi juani hukauka na kufa baada ya siku kadhaa. Pindua tena ili vya chini navyo vipate zamu yao. Mtu akifungulia maji katikati ya kazi hiyo, hata kidogo, amewapa ndago uhai na kujipotezea jasho lake.

Mvua ya Machi ikinyesha, au ukinywesha, vitakavyobaki vitachipua. Viache vichipue, lakini usivipe zaidi ya majuma mawili au matatu kabla ya kulima, maana vikikaa zaidi vitazaa viazi vingine. Rudia mara mbili. Kisha panda kunde karibu karibu, au marando ya viazi vitamu, ili ardhi ifunikwe yote. Ndago haivumilii kivuli. Ikifika Hagaya, mwezi wa Oktoba, hapo ndipo mahali pa kuweka mbaazi na mlonge.

Mathenge ni habari nyingine. Mti huo uliletwa nchini kwa nia njema. Katika miaka ya 1980 ulipandwa Baringo ili watu wapate kuni na ardhi isichukuliwe na upepo, na leo twaujua sote. Kuukata shina juu ya ardhi ni kuualika uchipue matawi kumi badala ya moja. Hapana budi kuchimba kiasi cha sentimita 30 chini na kukata mzizi hapo. Tena kuna mlango ambao wengi wetu hatuufungi, nao ni boma. Mbuzi hula maganda ya mathenge, mbegu hupita tumboni mwake nzima, nawe wabeba samadi hiyo mbichi na kuitia kwenye shimo la mlonge. Umepanda mti mmoja kwa mkono na ishirini kwa ndoo. Samadi ilundikwe kwanza, iloweshwe na kugeuzwa mpaka ipate moto ndani, na hata hivyo itazamwe kama kuna kinachochipua kabla ya kuingia shambani. Afadhali zaidi maganda yasagwe kabla ya kulishwa mifugo.

Wako wanaosema dawa ya kuua majani ingemaliza kazi hii kwa siku moja. Haiimalizi. Dawa huingia kwa jani. Kiazi kilicholala bila jani hakipati kitu, kwa hiyo utanunua tena na tena. Nami sipendi kuona chupa zile zikioshwa kwenye mfereji ambao chini yake kuna watoto wenye madumu na ngamia wanaokunywa.

Neno zito kuliko yote ni la mama mwenye watoto. Yeye husema: karani ana mshahara, mimi nitakula nini mpaka Oktoba? Ni neno la haki. Mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo tokea mwisho wa mwaka 2020 mpaka 2022, na wengi walipoteza ng'ombe. Baadaye, mwishoni mwa 2023, mafuriko yakaja. Shamba kwao si nyongeza tena. Kwa hiyo sisemi mtu afunge shamba lote. Afunge robo, aendelee kulima robo tatu kwa mahindi yake, na mwaka wa pili afunge robo nyingine. Tena hiyo robo haikai bure, kwani kunde zitampa majani ya kupika na punje za kuweka. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kufunga ardhi si desturi ngeni kwetu. Wazee wa dedha hukataza malisho ya kiangazi yasiguswe wakati wa mvua, na hakuna mfugaji anayesema nyasi hizo zimepotea. Tunajua zinangoja. Kwa nini basi tuone haya kuingoja robo ya shamba?

Naona pia kwamba ugawaji wa miche ungefuata utaratibu huo. Miche isifike na mvua ya kwanza ya Machi na kugawiwa kila aliyepanga foleni. Ifike Oktoba, kwa wale ambao vipande vyao vimetazamwa. Kutazama hakutaki chombo wala mtaalamu. Nywesha hatua tatu za shamba, ungoje majuma mawili, kisha chimba shubiri moja mahali patatu na kupekua udongo kwa vidole. Ukikuta kiazi cheusi chenye chipukizi jeupe, rudi kwenye jembe. Usipokikuta, njoo uandikwe jina.