Siku ya Tatu Mpe Jembe, Lakini Jembe Liko Wapi?

Jioni moja nilikuwa nimesimama dukani kule Kawangware, si mbali na kituo cha matatu cha 46, alipokuja msichana wa miaka kama 12 hivi akaomba "mayi". Mwenye duka, aliyekuwa nyuma ya wavu wa chuma na hakuuona mtungi mtupu mkononi mwa mtoto, akamuuliza, "Mayai mangapi, mwanangu?" Wateja tukaangua kicheko. Binti akainamisha kichwa, akaukumbatia mtungi wake, akanyamaza kimya.

Ni mama muuza mboga aliyetuaibisha sote. "Huyu anataka maji," akasema. "Kwao maji ni mayi. Mnacheka nini?"

Mimi pia nilikuwa nimecheka. Kwa hivyo nilimfuata mama huyo wa mboga, naye akanifikisha kwa mama wa binti, ambaye majirani humwita Mama Kongo. Anaishi na watoto watatu katika chumba kimoja cha mabati. Wametoka Bukavu, mji ambao wapiganaji wa M23 waliuteka Februari 2025, wiki chache tu baada ya kuutwaa mji wa Goma mwezi Januari. Walikimbilia Burundi, wakapita Tanzania, wakaingia Kenya. Mumewe walipotezana njiani. Kufikia siku hiyo niliyozungumza naye, hakuwa amepata habari zake.

Nilimuuliza anahitaji nini zaidi. Nilidhani angetaja unga au blanketi. Akanijibu, "Dada, niko nataka kazi na karatasi. Unga nitanunua miye mwenyewe."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wengi huutumia msemo huu kumfukuza mgeni kwa maneno matamu. Lakini hebu tuutazame upya. Msemo hausemi mgeni afukuzwe siku ya tatu. Unasema apewe jembe, yaani apewe kazi na mahali pa kulima ili ale jasho lake. Mwenye nyumba ndiye anayeagizwa kulitoa hilo jembe. Je, sisi tumelitoa?

Mwaka 2025 Kenya ilikuwa na wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Wengi wao wako katika kambi za Dadaab, zilizoanza 1991, na Kakuma, iliyoanza 1992. Hata hivyo, zaidi ya 100,000 wanaishi mijini, hasa hapa Nairobi. Chakula cha msaada hugawiwa kambini, wala si Kawangware. Isitoshe, mwaka huo huo wa 2025 hata mgao wa kambini ulipunguzwa sana kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Aliyeko mjini hulipa kodi ya nyumba, maji na karo kama wewe na mimi.

Sheria si adui wa Mama Kongo. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini warudishwe kambini, lakini shirika la Kituo cha Sheria na wakimbizi wenyewe wakaenda mahakamani, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaifuta amri hiyo. Kisha ikaja Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, ambayo inamtambua mkimbizi kuwa mtu anayeweza kufanya kazi na biashara. Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida ambamo wageni na wenyeji wanashiriki shule na hospitali.

Tatizo ni umbali kati ya karatasi ya sheria na mlango wa chumba cha mabati. Bila kitambulisho cha mkimbizi, mama huyu hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hapokei pesa za wateja kwa simu. Kwa hivyo huzunguka na vitenge begani, na kila anapoona askari wa kaunti moyo humruka. Binti yake alisoma kwa Kifaransa. Huku amerudishwa madarasa kadhaa nyuma, anaketi na watoto wafupi kwake, nao humcheka kama tulivyomcheka dukani. Mtoto wa namna hiyo akiacha shule, tutamlaumu nani?

Najua kuna msomaji anayesema, "Lakini sisi wenyewe hatuna kazi." Ni kweli, na sina jibu rahisi. Lakini tukumbuke nasi tulikotoka. Nenda Kibera uulize wazee wa Kinubi. Babu zao waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa Mwingereza katika jeshi la KAR, wakapewa makazi katika msitu walioujia mwanzoni mwa karne iliyopita. Jina lenyewe la Kibera linatokana na neno lao kibra, lenye maana ya msitu. Walipigana vita visivyokuwa vyao, kisha wakakaa miongo mingi bila hati ya ardhi. Walipewa hati ya jumuiya ya ekari 288 mwaka 2017. Zaidi ya miaka mia moja mgeni alingojea jembe!

Tena si mbali sana, tulikuwa wakimbizi ndani ya nchi yetu wenyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, soko la Toi liliteketezwa, reli ikang'olewa Kibera, na familia za Kibera na Kawangware zikalala kwenye uwanja wa maonyesho wa Jamhuri. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Wakati ule wengi hawakuuliza kama mama aliyelala penye baridi ana haki ya kuwa Nairobi. Watu walileta uji, nguo na nafasi sebuleni.

Basi tufanye nini, sisi tusio na ofisi wala muhuri? Kwanza, tuwaelekeze. Usajili hufanywa na Idara ya Huduma za Wakimbizi ya serikali, si na wakala wa mtaani anayedai pesa. Kituo cha Sheria hutoa ushauri wa kisheria bila malipo. Aliyepotezana na jamaa yake vitani aende kwa Shirika la Msalaba Mwekundu, ambalo lina kitengo cha kutafuta watu waliopotezana. Mama Kongo hakulijua hilo la mwisho. Tulikwenda pamoja, akaandikisha jina la mumewe.

Pili, wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, keti na mgeni wa darasa lenu nusu saa kila jioni. Atakufunza Kifaransa, nawe utamfunza Kiswahili cha mtihani. Hapo kila mmoja amepata jembe.

Juma lililopita nilipita tena dukani pale. Binti alikuja na mtungi wake. Mwenye duka akamtazama kupitia wavu, akatabasamu, akauliza kwa heshima, "Mayi lita ngapi, mwanangu?"

"Makumi mbili," akajibu, bila kuinamisha kichwa.