Samaki akiruka nje ya beseni, tuangalie kwanza maji na mikono yetu

Wakaaji wengi wa Bukavu wanaofuga samaki nyumbani wanaijua habari hii. Mtu anaamka asubuhi, anakuta kambale au tilapia mkubwa amelala juu ya simenti kando ya beseni, ngozi imekauka, pua imepasuka. Maneno yanayofuata ni yale yale: "Huyu alikuwa mkaidi", au "Kuna jirani ametutupia jicho baya". Samaki anaingia kwenye sufuria kabla ya wakati wake, na wiki ijayo mwingine anaruka.

Mimi ninasema samaki mkubwa anayeruka karibu kila mara anakimbia kitu, na mara nyingi kitu hicho tumekiweka sisi wenyewe. Ninasema pia kwamba kumzuia asijiumize ni kazi rahisi, ila tunaifanya baada ya hasara badala ya kuifanya siku ya kwanza.

Jambo hili linagusa watu wengi kuliko tunavyodhani. Kule Kadutu, Bagira na Panzi, viwanja ni vidogo na kazi ni chache, kwa hiyo kuna familia zimejenga mabeseni ya simenti nyuma ya nyumba, zingine zinafuga ndani ya mapipa au ndani ya shimo lililotandikwa shitingi. Kwa upande wa wenye uwezo, kuna wanaoweka akwariamu ya kioo sebuleni au mahali pa kupokelea wageni, samaki wakubwa wakizunguka ndani ili mgeni apendezwe. Hawa na wale hawafanani kwa mfuko, lakini shida yao ni moja: samaki mkubwa ndani ya mahali padogo.

Kwa nini anaruka

Samaki hana masikio tunayoyaona, lakini ubavuni ana mstari unaohisi kila mtikisiko wa maji. Kambale amezidi hapo: mifupa midogo inaunganisha kifuko chake cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo sauti inamfikia kwa nguvu. Sasa weka beseni lake pembeni ya jenereta, au ukuta mmoja na kanisa lenye vipaza sauti vya usiku kucha. Mtoto akigonga kioo kwa kidole, sisi tunaona mchezo. Samaki anapata pigo mwili mzima, na hana pa kujificha.

Mwanga nao ni hivyo hivyo. SNEL wakikata umeme usiku, chumba kinakuwa giza. Wakirudisha saa nane za usiku, taa inawaka ghafla juu ya akwariamu. Samaki aliyekuwa ametulia anashtuka na kwenda mbio. Ndani ya ziwa angekimbia mita ishirini na kutulia. Ndani ya sanduku la mita moja anapiga kioo au anatoka juu.

Wengine wanaruka kwa maumbile. Arowana wa mto Amazon anakula wadudu walio kwenye matawi, na anaweza kuruka zaidi ya mita moja juu ya maji kuwakamata. Hapa kwetu Kongo tuna jamaa yake, yule samaki ambaye watu wa Kinshasa wanamwita Congo ya sika. Wafugaji wanamjua kwa kuruka juu ya wavu wakati wa kuvua bwawa. Kambale naye ana kiungo cha kupumulia hewa, na usiku wa mvua anaweza kutoka majini na kujiburuta juu ya ardhi yenye unyevu kutafuta maji mengine. Mtu anayefuga samaki wa namna hii bila kifuniko ni kama anayefuga kuku bila mlango.

Maji yetu ya Bukavu yana siri yake

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Uchafu wa samaki na chakula kinachobaki vinatoa amonia. Amonia hiyo ina sura mbili, moja haina madhara makubwa, nyingine ni sumu inayochoma matamvua. Kinachoamua sura ipi inazidi ni ukali wa maji, kile kipimo kinachoitwa pH. Maji yakiwa ya kati, pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Yakifika pH 9 na joto la nyuzi 25, sehemu yenye sumu inapanda hadi karibu theluthi moja.

Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH karibu 9.

Fikiri basi mtu mwenye beseni ambalo halijabadilishwa maji kwa wiki tatu. Anaona maji yamechafuka, anatuma vijana na bidoni ziwani, anaongeza maji mapya kwa wema wote. Saa chache baadaye samaki wanaanza kuruka, na yeye anashangaa: "Nimewapa maji safi ndiyo wakaanza wazimu!" Samaki hawana wazimu. Amonia iliyokuwa imelala imegeuka sumu, na wao wanatafuta mlango. Dawa yake ni kupunguza maji machafu mara nyingi, kidogo kidogo, kabla uchafu haujarundikana, na kutoa mabaki ya chakula kila siku.

Anayetumia maji ya bomba ya REGIDESO ana shida nyingine, klorini. Aache maji hayo wazi siku nzima kabla ya kuyamimina.

Kuna pia baridi. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Ziwa ni kubwa, halipoi kwa usiku mmoja, lakini pipa la lita 200 lililowekwa nje linapoa haraka, kisha jua la saa sita linalipasha tena. Tilapia na kambale wanapenda joto la nyuzi 25 hadi 30 lisilopanda na kushuka hivyo. Chombo kikubwa, kilicho kwenye kivuli na kimefunikwa usiku, kinatunza joto lake.

Jeraha lisiloonekana

Mtu akimrudisha samaki majini akaona anaogelea, anasema amepona. Tusidanganyike. Mwili wa samaki umefunikwa na ute, na ute huo ndio ngao yake. Akigaagaa kwenye simenti, ute unatoka pamoja na magamba. Wakati huo huo mwili wake umejaa homoni ya hofu, kotisoli, ile ile iliyo ndani yetu sisi watu. Ikikaa siku nyingi, hamu ya kula inapungua na kinga ya mwili inashuka. Baada ya siku tatu au nne unaona kitu cheupe kama pamba kwenye jeraha: ni kuvu. Samaki anakufa siku ya saba, na mwenye nyumba haunganishi tena kifo hicho na ule mruko wa wiki iliyopita. Ndiyo maana hasara inahesabiwa chini kuliko ilivyo.

Tuna mahali pa kujifunza

Hatuhitaji kwenda mbali. Ziwa Tanganyika, kwa ndugu zetu wa Uvira na Fizi, lina samaki wa rangi wanaotafutwa na wenye akwariamu wa Ulaya na Marekani. Pierre Brichard, aliyekuwa akiwasafirisha kutoka Burundi, aliandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1978. Mmoja wao ni frontosa, mwenye nundu kwenye paji la uso, anayeishi chini sana. Akivutwa juu kwa haraka, kifuko chake cha hewa kinavimba na kumuumiza. Kwa hiyo wazamiaji wanaojua kazi wanampandisha hatua kwa hatua, wakimpumzisha njiani. Wanaishi kwa kuuza samaki mzima, na wamejifunza kwamba haraka inawala mfukoni.

Na sambaza? Samaki huyu tunayemla kila siku hakuwa wa Ziwa Kivu. Alitolewa Tanganyika akiwa hai mwishoni mwa miaka ya 1950. Kila mvuvi anajua sambaza ni mwepesi wa kufa, ukimgusa tu ameisha. Lakini wapo waliofika wazima, wakazaa, na leo akina mama wa sokoni Nyawera na Kadutu wanasomesha watoto kwa uzao wao. Kama samaki mwororo hivyo aliweza kuhamishwa toka ziwa moja hadi lingine, kambale wa kilo mbili hawezi kutushinda kutoka Kabare hadi Kadutu.

Tufanye nini

Kifuniko ndicho cha kwanza. Kwenye beseni au pipa, wavu wa zamani au chandarua kilichochakaa kilichofungwa kwenye fremu ya mbao kinatosha, mradi kiwe na uzito wa jiwe kila kona, maana kambale anasukuma kwa kichwa. Wavu laini una faida nyingine, samaki akiupiga hapasuki pua. Kwenye akwariamu ya kioo, ziba hata tundu la mpira wa pampu. Samaki hupata mwanya mwenye nyumba asiouona. Usijaze maji hadi mdomoni. Acha sentimita 30 au zaidi za ukuta mtupu juu ya maji kwa kambale mkubwa.

Cha pili ni maficho. Kipande cha bomba pana, vyungu viwili vilivyolazwa, au kitambaa cheusi kwenye pande tatu za kioo. Samaki mwenye mahali pa kujificha hana sababu ya kutafuta njia ya juu. Ukitaka kuwasha taa ya akwariamu, washa kwanza taa ya chumba, ngoja kidogo. Na tuseme ukweli: samaki wa sentimita 40 ndani ya sanduku la sentimita 80 amefungwa, hajafugwa. Afadhali samaki wadogo kumi kuliko mkubwa mmoja asiyeweza kugeuka.

Cha tatu ni mikono na safari. Lowesha mikono kabla ya kumshika. Tumia wavu usio na mafundo. Mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine karibu na mkia, na kitambaa kilicholoa juu ya macho, maana samaki asiyeona anatulia. Usimlishe siku moja kabla ya kumsafirisha. Mbebe asubuhi mapema, ndani ya chombo cheusi chenye kifuniko kinachopitisha hewa, kisha changanya maji ya safari na maji mapya polepole. Ile tabia ya kumweka kambale ndani ya mfuko wa sukari nyuma ya pikipiki, kwa sababu "yeye hafi", tuiache. Hafi siku hiyo tu.

Akiwa amekwisha kuruka: usimfute kwa kitambaa kikavu. Mrudishe kwa mikono iliyoloa, punguza mwanga, usimpe chakula siku hiyo, weka chumvi gramu 1 hadi 3 kwa kila lita ya maji, na mwangalie kwa wiki nzima.

Kwa wale watakaocheka

Ninajua kuna msomaji atakayesema: katika mji wenye shida zote hizi, huyu anatuletea hofu ya samaki? Nimelisikia neno hilo, na ninamheshimu anayelisema. Lakini mama aliyenunua watoto wa samaki kwa pesa ya likelemba, akawalisha miezi sita, kisha akakuta wanne chini asubuhi, hajapoteza samaki wanne. Amepoteza ada ya shule, na zamu ya likelemba bado inamngoja. Zaidi ya pesa, kiumbe tulichokifungia sisi, kisichoweza kwenda kutafuta maji mazuri kwingine, kinatudai angalau maji yasiyokichoma.

Lawama nyingine ni za wakubwa zaidi yetu. Mara nyingi mashirika yanagawa watoto wa samaki, yanapiga picha, yanaondoka. Ninaomba kila anayegawa samaki agawe pia wavu wa kufunikia, na saa mbili za mafunzo ya maji na ya kumshika samaki. Wakubwa wa AGRIPEL jimboni wanaweza kudai hivyo bila bajeti mpya. Watafiti wa kituo cha CRH kule Uvira wana elimu kubwa ya maji na samaki. Ingefaa ishuke kwa Kiswahili hadi kwenye redio zetu, kabla ya msimu wa mvua, wakati kambale wanapoanza kutafuta njia.

Na wewe mwenye beseni, usingoje shirika. Leo jioni, kabla ya kulala, hesabu samaki wako, shusha maji kidogo, funika. Kesho asubuhi hesabu tena.