Shahada Haikumfundisha Kuandika

Wiki iliyopita, katika kipindi cha asubuhi redioni, kiongozi mmoja wa taasisi ya umma alikuwa akieleza mafunzo waliyowapa watumishi wao kuhusu tovuti mpya. Alisifu kasi yake, usalama wake na jinsi inavyofunguka vizuri kwenye simu. Mtangazaji akamuuliza kama watumishi hao walifundishwa pia kuandika yale yatakayowekwa humo. Jibu lilitoka bila kusita: hapana, hakukuwa na haja, wote wana shahada. Kuandika, akasema, kila msomi anajua.

Kauli hiyo nimeisikia kwa miaka mingi, kwenye semina, kwenye korido za wizara, hata vinywani mwa watu ninaowaheshimu, na imenichosha. Si kweli. Tena ni uongo unaowagharimu wananchi nauli na siku za kazi kila uchao, na umeishi salama kwa sababu gharama yake haimo katika kitabu cha mkaguzi yeyote.

Msomi wa serikali anajua kuandika nini? Anajua kuandika dokezo. Tangu siku ya kwanza ofisini anafundishwa kwamba maandishi hupanda juu: ofisa kwa mkuu wa kitengo, mkuu wa kitengo kwa mkurugenzi, jalada likikua unene kila linapopita meza. Msomaji wake ni mmoja, anamjua kwa cheo, yumo katika jengo hilohilo, sheria inayotajwa anaijua, na akikwama atanyanyua simu ya mezani aulize. Hakuna anayepima kama dokezo limeeleweka. Kinachopimwa ni kama limefuata utaratibu, na kama litamkinga mwandishi wake siku mambo yakiharibika. Ndiyo maana limejaa "tajwa", "husika" na "stahiki". Ndiyo maana humo hakuna mtu anayefanya jambo: maombi yanawasilishwa, ada inalipwa, hatua zinachukuliwa. Mtumishi aliyekaa miaka kumi katika uandishi huo amekuwa hodari wa kweli, na simdharau. Lakini uhodari wake ni wa kumwandikia bosi, na tovuti haikuwekwa kwa ajili ya bosi.

Tovuti inasomwa na mtu ambaye mwandishi hatamwona maishani. Yuko Nanjilinji au Kibondo, simu yake ina kioo kilichopasuka, bando linakaribia kwisha, na ana swali moja. Abebe nini? Alipe kiasi gani? Aende dirisha gani, na asubiri siku ngapi? Hana wa kumuuliza. Sentensi ikimshinda, inabaki nauli.

Jirani yangu mmoja anauza vitenge. Mwaka jana alitaka leseni ya biashara, na kwa kuwa mwanawe alimwambia siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, akafungua tovuti ya halmashauri. Akakuta kwamba waombaji wote wenye sifa stahiki wanatakiwa kuwasilisha maombi yakiwa yameambatishwa na nyaraka zote muhimu kama zilivyoainishwa katika mwongozo husika. Mwongozo wenyewe haukuwapo. Jioni akanigongea mlango, simu mkononi. "Kaka, wewe si ndiye unayeandika magazetini? Hebu niambie, hizo nyaraka muhimu ndiyo zipi?"

Ukurasa ule usingemjibu mtu yeyote, hata profesa wa sheria, kwa sababu jibu halikuwamo. Kesho yake mama yule akafunga duka, akapanda daladala. Dirishani akaambiwa alete TIN, uthibitisho wa kodi kutoka mamlaka ya mapato na mkataba wa pango. Dada wa dirishani aliyataja hayo kwa pumzi moja bila kuinua macho, maana kutwa nzima anayataja hayohayo kwa watu walewale waliosoma ukurasa uleule.

Programu ya tovuti ile haikuwa na kosa lolote. Ilifunguka haraka, rangi zilipendeza, na picha ya mgeni rasmi akikata utepe ilionekana vizuri. Kilichokosekana ni sentensi moja, na sentensi hiyo alikuwa nayo dada wa dirishani, ambaye hakuna aliyemwita kwenye mafunzo. Kila sentensi isiyoeleweka kwenye tovuti ya serikali inazaa foleni mahali fulani. Ukitaka kujua ofisi gani imeandika vibaya, usifungue kompyuta. Nenda ukaangalie mabenchi yake ya kusubiria.

Na foleni huzaa biashara. Pitia steshenari yoyote karibu na stendi au chuo, msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi au nafasi za ajira zinapotangazwa. Vijana wenye shahada, hao hao tunaoambiwa kila msomi anajua, wamepanga mstari wamlipe mtu awajazie fomu. Kompyuta wanazijua na simu wanazo. Wanaogopa kukosea kwa sababu maelekezo hayawaambii nini kitatokea wakikosea. Nyuma ya steshenari wapo vishoka, wanaochukua fedha za watu kwa kuwaeleza jambo ambalo serikali ingeweza kulieleza bure kwa mistari mitatu. Tunawakamata vishoka. Aya iliyowaajiri tunaiacha palepale.

Waingereza walilipigania jambo hili kabla ya mtu yeyote kuwa na tovuti. Mwaka 1979 mama mmoja wa Liverpool, Chrissie Maher, ambaye mwenyewe alichelewa sana kujua kusoma, alikwenda na wenzake kwenye uwanja ulio mbele ya Bunge jijini London, wakazichanachana hadharani mamia ya fomu na karatasi za serikali. Polisi aliyekuja kuwaondoa akaanza kuwasomea tangazo refu lenye lugha ya sheria ya polisi ya mwaka 1839, na kwa kinywa chake akawa amewathibitishia watazamaji kile alichokuwa akikilalamikia yule mama. Hapo ndipo ilipozaliwa Plain English Campaign.

Miaka 33 baadaye, tarehe 17 Oktoba 2012, serikali ya Uingereza ikafungua GOV.UK mahali pa Directgov na Business Link, kisha tovuti za wizara na za mamia ya taasisi zikahamishiwa humo. Wanaoisifu hapa kwetu husifu mfumo. Hawasemi kwamba waliojenga tovuti ile walianzisha kazi mpya, msanifu wa maudhui, mtu ambaye wajibu wake ni kujua mwananchi amekuja kutafuta nini kisha kuandika hicho tu, na kwamba Sarah Richards ndiye aliyekiongoza kikosi cha wasanifu hao. Hawasemi kwamba mtumishi wa wizara hapewi ruhusa ya kuchapisha humo mpaka afundishwe kwanza. Hawasemi kwamba uliwekwa ukomo, sentensi ikizidi maneno 25 ikatwe. Watu waliotoka Oxford na Cambridge walikaa chini wakafundishwa kukata sentensi, na hakuna aliyeona kwamba ametukanwa.

Kwa Kiswahili 25 ni mengi mno. Neno letu moja kama "hatutakurudishia" linabeba kazi ambayo Mwingereza anaigawa kwa maneno matano. Mimi ningeweka 15, na ningeanza leo.

Wamarekani wao waliliandika katika sheria. Tarehe 13 Oktoba 2010 Rais Barack Obama alisaini Plain Writing Act, inayozitaka taasisi za serikali kuu ziwaandikie wananchi kwa lugha inayoeleweka na, bila kuzungukazunguka, inaziagiza ziwafundishe watumishi wao kuandika hivyo. Nchi yenye Harvard na Yale iliona kwamba shahada haitoshi. Sisi tumepata wapi hakika kwamba inatosha?

Atainuka mtu aniambie habari za HealthCare.gov, tovuti ya bima ya afya ya Marekani iliyoelemewa siku ilipofunguliwa, tarehe 1 Oktoba 2013, hata waliofanikiwa kujiandikisha siku hiyo wakahesabiwa kuwa sita. Kwamba tatizo ni mitambo, si maneno. Basi aangalie kilichofuata. Nchi nzima ilijua siku ileile. Rais akaulizwa, mafundi wakaitwa usiku na mchana, na baada ya wiki kadhaa mfumo ukafanya kazi. Mtambo ukifa hupiga kelele. Sentensi mbovu haipigi kelele. Inakaa kwenye ukurasa mwaka hadi mwaka, inawarudisha watu nyumbani mmoja mmoja, na kwenye ripoti ya robo mwaka tovuti inaandikwa kuwa ilipatikana wakati wote.

Pingamizi jingine ni la hadhi. Nimeambiwa na ofisa mwandamizi, kwa uso mkavu, kwamba ofisi ya umma ikiandika "Njoo na kitambulisho chako" itaonekana ya kihuni. Kwamba lazima iwe "mwombaji atatakiwa kuwasilisha kitambulisho chake". Daktari bingwa anakwambia meza kimoja asubuhi na kimoja usiku, na hujawahi kutoka kwake ukisema hakusoma. Hadhi ya ofisi inavunjwa na kile kikundi cha watu kinachokaa barazani kwake kutwa kikinung'unika, na hakuna "stahiki" itakayokifuta.

Sasa wameibuka na wanaosema akili mnemba itatuandikia. Itaandika, tena haraka, aya zilezile zilizojaa "katika kuhakikisha kuwa". Haijui kwamba dirisha la tatu linafungwa saa 7 mchana. Anayejua ni mtu, na mtu huyo hajafundishwa kulisema kwa maandishi.

Kuna hili la karatasi zilizopigwa picha, na siwezi kulipita. Ofisi inachapa tangazo, linasainiwa, linagongwa muhuri, linaskaniwa likiwa limepinda, halafu picha hiyo ndiyo inapandishwa kwenye tovuti. Asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini mara nyingi haambulii hata neno moja. Anayelitafuta kwenye Google huenda asilipate. Mwenye simu ndogo analipakua kwa bando lake, anavuta kushoto na kulia akitafuta tarehe. Muhuri ulikuwa na maana kwenye karatasi. Kwenye tovuti yenye anwani ya go.tz, anwani hiyo ndiyo muhuri.

Sisemi kwamba mafunzo hayafanyiki. Tovuti za mikoa na halmashauri zilipozinduliwa mwaka 2017, kwa msaada wa mradi wa PS3 uliofadhiliwa na USAID, maofisa habari na maofisa TEHAMA walifundishwa namna ya kuziendesha, na semina za aina hiyo zimeendelea. Tatizo ni kinachofundishwa. Nimeketi katika kumbi hizo, na ratiba naijua: kuingia kwenye mfumo, kubadilisha nywila, kupandisha habari, kupunguza ukubwa wa picha, kupanga menyu. Uandishi, ukiwamo, umepewa saa moja baada ya chakula cha mchana siku ya mwisho, wakati watu wameshika mikoba yenye nembo wakisubiri kusaini posho. Ninaichukia posho hiyo, na nitaiandikia siku yake, kwa sababu inamfanya mwandaaji atafute washiriki wanaostahili kusafiri badala ya wanaostahili kujifunza.

Kisha kila mmoja anarudi kituoni kwake. Mtaalamu wa ardhi anaandika kama alivyozoea, anayaleta maandishi yake kwenye flashi, ofisa TEHAMA anayabandika kama yalivyo. Mtaalamu akiguswa neno moja anauliza huyu wa kompyuta anajua nini kuhusu ardhi. Ofisa habari yuko ziarani na mkuu, anapiga picha. Ukurasa wa huduma hauna mwenyewe.

Mafunzo ninayoyataka hayahitaji hoteli. Yaanzie mapokezi, saa 1:30 asubuhi ofisi inapofunguliwa. Watumishi wakae pale siku nzima na daftari, waandike kila swali linaloulizwa kama lilivyoulizwa, kwa maneno ya muulizaji. Kesho yake wachukue yale yaliyojirudia zaidi, wayaandikie majibu, wamwite dada wa dirishani awaambie wapi wamedanganya. Halafu ndipo lije jambo gumu kuliko yote, ambalo sijaona ratiba yoyote ikiliweka: wamwombe mtu aliye kwenye benchi asome walichoandika kwa sauti, na wao wanyamaze. Wasimweleze. Wasimsaidie. Atakapokwama ndipo pa kufuta. Mhandisi wa miaka ishirini kazini akiona mama mtu mzima ameganda katikati ya sentensi yake, na foleni inamwangalia, hatahitaji mhadhara wangu. Mwisho wa wiki kila ukurasa uwe na jina la cheo kinachoumiliki na tarehe ya kuupitia tena, kwa sababu ada hubadilika na tovuti nyingi bado zinatangaza za zamani.

Tena sheria iko upande wetu. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zetu na ya mahakama. Ni kazi kubwa, na inapotea bure pale Kiswahili kinachoandikwa kinamshinda aliyezaliwa nacho.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na kabla ya hapo kila halmashauri hukaa kupitisha bajeti yake. Humo huwa na kifungu cha mafunzo ya TEHAMA, na kwa kawaida hakuna diwani anayekisoma hadi chini. Safari hii kisomwe. Mkurugenzi aulizwe ni siku ngapi kati ya hizo za kujifunza kuandika, na kama watu wa mapokezi na madirishani wamo katika orodha ya washiriki. Kama hawamo, kifungu kirudishwe mezani kikaandikwe upya.