Ukraine: Nchi za Magharibi zinapata wapi silaha na fedha za vita visivyokwisha?

Februari 24, 2026 inatimia miaka minne tangu Urusi ilipoivamia Ukraine kwa vikosi vya nchi kavu, angani na baharini. Wengi walidhani mji mkuu Kyiv ungeanguka katika muda wa siku chache. Haukuanguka, na tangu wakati huo nchi za Magharibi zimekuwa zikipeleka silaha, risasi, fedha na mafunzo. Katika makala hii tunaangalia jinsi msaada huo unavyopatikana, nani anaulipia, na kwa nini kila mwaka unazidi kuwa mgumu kuuendeleza.

Kutoka kofia za chuma hadi ndege za kivita

Mwezi mmoja kabla ya uvamizi, Ujerumani ilitangaza kuipa Ukraine kofia za chuma 5,000 za wanajeshi. Tangazo hilo lilichekwa sana, hata mjini Berlin kwenyewe. Siku tatu baada ya vita kuanza, Kansela Olaf Scholz alisimama bungeni na kutangaza mfuko maalumu wa euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi la nchi yake. Januari 2023 Ujerumani hiyo hiyo ilikubali kutoa vifaru vyake vya Leopard 2.

Silaha nyingine zimepita njia hiyo hiyo. Mifumo ya kurushia roketi ya HIMARS ilifika katikati ya mwaka 2022, makombora ya ATACMS mwezi Oktoba 2023, na ndege za kivita za F-16 mwezi Agosti 2024. Kila mara Kyiv iliomba, miji mikuu ya Magharibi ikasita kwa hofu ya kuichokoza Moscow, mjadala ukachukua miezi, kisha silaha zikatolewa. Wanaounga mkono tahadhari hiyo wanasema iliepusha vita kati ya Urusi na Jumuiya ya Kujihami ya NATO. Wakosoaji wanasema kusitasita huko kuliipa Urusi muda wa kuchimba mahandaki na kutega mabomu ya ardhini.

Uratibu wa yote haya ulianza Aprili 26, 2022 katika kambi ya jeshi la anga la Marekani ya Ramstein, Ujerumani. Waziri wa ulinzi wa Marekani wakati huo, Lloyd Austin, aliwaita mawaziri wenzake kutoka nchi takriban 40, na kundi hilo baadaye likapita nchi 50. Tangu mwaka 2025 linaongozwa na Uingereza na Ujerumani. Sehemu kubwa ya mizigo hupitia uwanja wa ndege wa Rzeszów, kusini mashariki mwa Poland, kisha huvuka mpaka kwa barabara na reli.

Ghala linapokauka

Katika mwaka wa kwanza, msaada ulitoka zaidi kwenye maghala. Nchi za Ulaya Mashariki zilitoa vifaru na mizinga ya enzi za Kisovieti ambayo wanajeshi wa Ukraine waliijua tayari. Marekani ilitumia mamlaka ya kisheria yanayomruhusu rais kuchukua silaha katika akiba ya jeshi na kuzipeleka bila kusubiri mkataba mpya wa ununuzi. Njia hii ni ya haraka, kwani silaha zinaweza kuondoka ndani ya siku chache. Lakini ghala lina mwisho. Ukishatoa, lazima ununue upya, na hapo ndipo viwanda vinapoingia.

Mfano mzuri ni makombora ya mizinga ya kipenyo cha milimita 155. Kabla ya vita, Marekani ilikuwa ikizalisha takriban 14,000 kwa mwezi. Idadi hiyo ilitosha kwa mazoezi ya jeshi wakati wa amani, lakini katika vita kama hivi inaweza kumalizika kwa siku chache. Washington ilijiwekea lengo la kufikia 100,000 kwa mwezi, ikapanua kiwanda cha zamani cha Scranton, Pennsylvania, na kufungua vingine. Mwaka 2025 uzalishaji ulikuwa takriban 40,000 kwa mwezi: karibu mara tatu ya pale ulipoanzia, lakini bado chini ya nusu ya lengo.

Ulaya nayo ilijifunza somo hilo hadharani. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi kuipatia Ukraine makombora milioni moja katika miezi 12. Ahadi ni deni, na deni hili halikulipwa kwa wakati: Machi 2024 ilipofika, ni takriban nusu tu iliyokuwa imepelekwa. Viwanda havikuwa na mashine za kutosha, wafanyakazi wenye ujuzi walikuwa wachache, na baruti ilikuwa adimu. Jambo jingine halikuonekana sana kwenye vyombo vya habari. Wenye viwanda walikataa kujenga karakana mpya kwa kutegemea hotuba za wanasiasa. Walitaka mikataba ya miaka mingi iliyotiwa saini, kwa sababu kiwanda cha risasi kinachojengwa leo kitahitaji wateja hata baada ya vita kumalizika.

Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na Jamhuri ya Czech. Februari 2024 Rais Petr Pavel, jenerali mstaafu, alitangaza mjini Munich kwamba nchi yake imepata makombora 800,000 nje ya Umoja wa Ulaya, na kilichohitajika ni fedha. Nchi kadhaa zilichangia, Prague ikanunua. Wakati huo huo kampuni ya Ujerumani ya Rheinmetall ilijenga kiwanda kipya mjini Unterlüß, kilichofunguliwa Agosti 2025, kikilenga kuzalisha makombora 350,000 kwa mwaka ifikapo 2027.

Upande wa pili haukukaa kusubiri. Urusi iliugeuza uchumi wake kuwa wa kivita, ikapata makombora ya mizinga kutoka Korea Kaskazini na teknolojia ya droni za Shahed kutoka Iran, ambazo sasa inaziunda yenyewe. Katibu mkuu wa NATO, Mark Rutte, alisema mara kadhaa mwaka 2025 kwamba Urusi inazalisha risasi katika miezi mitatu kwa kiwango ambacho nchi zote za jumuiya hiyo zinazalisha kwa mwaka.

Kura moja bungeni, mji mmoja vitani

Uwezo wa viwanda ni nusu tu ya suala hili. Nusu nyingine ni siasa, na mfano ulio wazi zaidi ni wa majira ya baridi ya mwaka 2023 kuelekea 2024. Oktoba 2023 Rais Joe Biden aliliomba bunge la Marekani, Congress, kuidhinisha fedha mpya kwa ajili ya Ukraine. Ombi hilo lilikwama miezi sita katika mvutano kuhusu wahamiaji na mpaka wa Mexico. Katika kipindi hicho wanajeshi wa Ukraine walilazimika kuhesabu kila kombora. Februari 17, 2024 waliondoka katika mji wa Avdiivka, mkoani Donetsk, na White House ikahusisha moja kwa moja kuanguka kwa mji huo na uhaba wa risasi. Aprili 24 Biden alitia saini sheria ya takriban dola bilioni 61. Fedha zilikuja, mji ulikuwa umekwishapotea.

Ulaya ina kizingiti chake. Maamuzi mengi ya sera za nje za Umoja wa Ulaya yanahitaji kauli moja ya nchi zote 27. Hungary chini ya Waziri Mkuu Viktor Orbán ilitumia kura yake ya turufu kuzuia zaidi ya euro bilioni 6 kutoka mfuko ambao huzirudishia nchi wanachama gharama za silaha walizotoa. Brussels ilijibu kwa kutafuta njia za kuuzunguka mlango uliofungwa.

Fedha za Urusi zilizoko Ubelgiji

Njia mojawapo ilitokana na fedha za Urusi zenyewe. Vita vilipoanza, nchi za Magharibi zilizuia takriban dola bilioni 300 za benki kuu ya Urusi. Sehemu kubwa iko Ubelgiji, katika taasisi ya kuhifadhi hati za fedha ya Euroclear. Fedha hizo zilizaa faida, na Julai 2024 Umoja wa Ulaya ulitoa euro bilioni 1.5 kutoka kwenye faida hiyo, sehemu kubwa ikienda kwenye silaha. Viongozi wa kundi la G7 walikuwa wameafikiana mwezi mmoja kabla, nchini Italia, kuikopesha Ukraine dola bilioni 50 zitakazolipwa kwa faida za miaka ijayo.

Swali la kuzitumia fedha zenyewe, si faida peke yake, liliwagawa viongozi hadi Desemba 2025. Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Bart De Wever, alihofia kwamba Urusi ingeishitaki nchi yake na kwamba wawekezaji wangepoteza imani. Kwanza Umoja wa Ulaya uliamua fedha hizo ziendelee kuzuiliwa bila ya kuhitaji kura mpya kila baada ya miezi sita. Kisha, baada ya mkutano wa usiku kucha mjini Brussels, viongozi walikubaliana kukopa kwa pamoja euro bilioni 90 katika masoko ya fedha na kuikopesha Ukraine kwa mwaka 2026 na 2027. Hungary, Slovakia na Jamhuri ya Czech ziliachwa nje ya dhamana ya mkopo huo.

Tukiutazama uamuzi huo kwa makini, tunaona mabadiliko ya msingi. Msaada uliokuwa zawadi kutoka ghalani sasa umekuwa deni litakalobebwa na walipakodi wa Ulaya kwa miaka mingi, isipokuwa Urusi ikubali siku moja kulipa fidia.

Marekani yageuka kutoka mfadhili hadi muuzaji

Kurejea kwa Donald Trump madarakani Januari 2025 kulibadilisha hesabu zote. Baada ya majibizano makali na Rais Volodymyr Zelensky katika White House Februari 28, Marekani ilisimamisha msaada wa kijeshi na kupunguza kubadilishana taarifa za kijasusi. Hatua hiyo ilidumu takriban wiki moja, hadi mazungumzo ya Jeddah, Saudi Arabia. Lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Julai 14, 2025 Trump na Rutte walitangaza utaratibu mpya. Marekani itaendelea kutoa silaha, lakini Ulaya na Canada ndizo zitakazozilipia. Ukraine inaorodhesha mahitaji yake, nchi za NATO zinachangia kununua vifurushi vya takriban dola milioni 500 kila kimoja, na Uholanzi ilikuwa ya kwanza kulipa. Hadi mwisho wa mwaka ahadi zilikuwa zimepita dola bilioni 4.

Kwa nini Ulaya inunue Marekani badala ya kutengeneza yenyewe? Jibu liko angani. Makombora ya mfumo wa Patriot ni miongoni mwa silaha chache zinazoweza kudungua makombora ya balistiki ya Urusi, na mwaka 2024 kampuni ya Lockheed Martin ilizalisha 500 tu ya aina yake ya kisasa. Dunia nzima inayagombania. Juni 2025, Iran ilipoishambulia kambi ya Al Udeid nchini Qatar, Patriot ndizo zilizoilinda. Kila kombora linalorushwa katika Ghuba ni moja ambalo haliwezi kwenda Kyiv au Kharkiv.

Kununua silaha Ukraine kwenyewe

Njia nyingine inazidi kupata wafuasi. Mwaka 2024 Denmark iliamua kutoa fedha kwa viwanda vya Ukraine badala ya kununua silaha kwingineko na kuzisafirisha. Mizinga 18 ya Bohdana iliyotengenezwa Ukraine ilikuwa matunda ya kwanza. Gharama ni nafuu, silaha zinafika haraka, na vipuri na mafundi wapo karibu. Kwa droni mantiki hiyo ina nguvu zaidi, kwa kuwa Ukraine inaunda nyingi kuliko mfadhili yeyote anavyoweza kutoa, na kinachokosekana mara nyingi ni fedha tu. Tatizo ni kwamba viwanda hivyo viko ndani ya masafa ya makombora ya Urusi.

Nani anaulipa mzigo huu?

Uingereza imeahidi pauni bilioni 3 kila mwaka, na Ujerumani imetenga takriban euro bilioni 11.5 katika bajeti ya 2026. Aidha, nchi za NATO zilikubaliana mjini The Hague Juni 2025 kufikisha matumizi ya ulinzi asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035, na msaada kwa Ukraine unaweza kuhesabiwa humo.

Fedha hizi lazima zitoke mahali. Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza kwamba Uingereza itagharimia ongezeko la bajeti yake ya ulinzi kwa kupunguza misaada ya maendeleo kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Hapa ndipo vita vya Ulaya vinapowagusa hata wale wasio na upande katika vita hivyo. Miradi ya afya, elimu na chakula inayofadhiliwa na London barani Afrika imo katika hesabu hiyo. Afrika Mashariki ilikwishaonja athari za vita hivi katika bei za ngano, mbolea na mafuta mwaka 2022. Safari hii athari zinapitia kwenye bajeti za wafadhili, hazionekani haraka na zinaweza kudumu zaidi.

Mambo ya kufuatilia

Wasikilizaji wetu huuliza mara kwa mara kama nchi za Magharibi zimechoka. Takwimu hazionyeshi hivyo moja kwa moja, kwani mwaka 2025 Ulaya iliongeza msaada wake wa kijeshi huku ule wa Marekani ukikauka. Kinachoonekana ni kwamba msaada umehama mikono, na sasa unategemea mambo matatu: kasi ya viwanda, utayari wa wapiga kura wa Ulaya kubeba madeni, na nia ya Washington kuendelea kuuza silaha zisizopatikana kwingine.

Mazungumzo ya amani yanayoendelea hayaliondoi suala hili. Hata mapigano yakisimama, Ukraine itahitaji jeshi linaloweza kuzuia uvamizi mwingine, na jeshi hilo litahitaji risasi, vipuri na mishahara. Kwa hiyo tangazo la kifurushi kipya linaposikika, ni vyema kuuliza maswali mawili: silaha hizo zipo tayari au bado hazijatengenezwa, na zitafika lini? Kwa askari aliye katika handaki huko Donetsk, tofauti kati ya mwezi huu na mwaka ujao ni kubwa kuliko tarakimu zote za mabilioni.